Ukienda kununua pamu duka kubwa, shika mkuki kabla ya kuuliza bei

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi ya miche na bustani hapa Arusha, na nyie wa Moshi mnaopandisha miche Kibosho na Marangu kwenye nyumba za watu, naandika hii kwa sababu mwishoni mwa mwezi wa nane kijana mmoja alikuja kitaluni kwangu Ngaramtoni na bajaji imebeba pamu nne, yaani ile miti ya mapambo ya jamii ya mnazi, zote kanunua duka kubwa mjini kwa bei ya punguzo, anataka nimuuzie mbolea ya kuzipandia. Majani yalikua ya kijani kabisa, ukiangalia kwa mbali unasema mzigo safi. Nikashika lile jani la katikati ambalo halijafunguka, nikalivuta taratibu kwa vidole viwili tu, likachomoka bila ubishi wowote kama kisu kinavyotoka kwenye parachichi lililoiva. Chini lilikua la kahawia, linateleza, na ile harufu ya uozo ukishaisikia mara moja huisahau. Ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Ya nne ndo ilishika.

Dogo alikaa chini kwenye ndoo hakuongea kitu, ule ulikua mtaji wake wote.

Hilo jani ndo tunaliita mkuki, na ndo kitu cha kwanza kushika dukani kabla hata hujaangalia bei. Pamu sio kama mwembe au mparachichi kwamba ukikata kichwa inachipua pembeni, zile za shina moja zina moyo mmoja tu pale juu, majani yote yanatoka hapo, moyo ukioza hakuna mti tena hata kama majani ya chini yatabaki kijani miezi miwili au mitatu. Na hiyo miezi miwili mitatu ndo inayowaponza watu, maana mmea umeshakufa lakini bado unauzika. Vuta mkuki taratibu, usiunyonge. Ukishika imara, sawa. Ukicheza, rudisha kopo lilipokuwa, muuzaji akikuambia ndivyo ilivyo mwambie asante na uondoke.

Mimi nimejifunza kwa makosa. Nilifanya kazi miaka minne upande wa bustani kwenye duka moja kubwa hapa mjini, mzigo wetu wa pamu ulikua unatoka Dar, unakuzwa kule kwenye joto chini ya neti, halafu unapakiwa kwenye lori la wazi unasafiri zaidi ya kilomita 600 kupitia Chalinze na Same, unafika asubuhi majani yamepigwa upepo usiku kucha. Mwezi wa sita wangu wa kwanza pale alikuja mzee mmoja wa Olmotonyi, mstaafu, amemaliza kujenga, akanunua miche sita ya zile pamu chupa, zenye shina lililovimba kama chupa, ya kupanga kuanzia getini hadi barazani. Akaniuliza kabisa, mwanangu hizi zitaweza baridi yetu? Nikamwambia zitaweza mzee, hazina shida. Sikua najua lolote, nilisema vile nilivyosikia wenzangu wanasema. Mwezi wa nane alirudi ameshika mikuki mitano mkononi ameifunga na kamba ya mgomba, hakupiga kelele, akaiweka juu ya kaunta akasema mwanangu nimekuletea uangalie. Duka halikumrudishia hela. Sijawahi kusahau hiyo siku na ndo sababu nimekua na huu ubishi wote kwenye hii habari.

Pamu chupa, yaani Hyophorbe lagenicaulis, kwao ni kisiwa kidogo karibu na Mauritius, joto la bahari mwaka mzima. Ukiipeleka Olmotonyi mwezi wa sita umeitoa pwani na kuiingiza kwenye ukungu. Ukiipanda Moshi mjini mwezi wa kumi ni habari nyingine kabisa, kule chini ni mita 800 na kitu hadi 900, jua lipo. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, na ukipanda kuelekea Meru kila kata ina baridi yake. Kwahiyo mtu akikuuliza pamu gani nzuri, na wewe muulize kwanza unapanda wapi. Njiro sio Olmotonyi, na Majengo Moshi sio Marangu.

Sasa twende kwenye lebo, maana hapa wengi mnadanganyika. Pamu nyingi za madukani zina lebo za kuiga za Marekani, au muuzaji ameangalia kwenye simu akakuambia hii ni ya kanda ya 10 inavumilia baridi. Hizo kanda zinatoka kwenye ramani ya wizara ya kilimo ya Marekani, toleo jipya ni la 2023, wamegawanya nchi kanda 13 kwa kuangalia wastani wa usiku wenye baridi kuliko yote kila mwaka. Kanda ya 10 ni nyuzi kama -1 hadi 4 za Selsiasi, kanda ya 8 ni -12 hadi -7. Ukisoma hivyo unasema basi Arusha hatuna shida, hapa mjini hatufiki hata sifuri. Hapo ndo kosa lilipo. Ile namba inapima usiku mmoja. Florida baridi kali inaweza kuja usiku mmoja au miwili, kesho kutwa jua limerudi na mmea umekauka vizuri. Sisi baridi yetu sio kali lakini ni ndefu, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, mawingu siku nzima, manyunyu ya asubuhi, maji yanakaa kwenye koo la mmea pale mkuki unapotokea na hayakauki, udongo kwenye kopo umelowa na umepoa. Mizizi ya pamu ya joto kwenye udongo uliopoa haifanyi kazi, kuvu wanaingia taratibu, moyo unaoza. Hakuna lebo inayokuambia hilo. Lebo imepima usiku mmoja na mmea wako unaenda kuishi miezi mitatu.

Alafu angalieni na vipimo, lebo ikiandika 25 inaweza kuwa Farenhaiti, hiyo ni kama -4 kwa Selsiasi yetu. Kuna mteja mmoja alimrudishia fundi wangu mche akisema hii imeandikwa haitaki chini ya 25 na hapa hatufikishi 25 asubuhi, kumbe ulikua ni mche mgumu kuliko wote tuliokua nao.

Dada yangu mkubwa anaishi North Carolina, na yeye kaingia kwenye huu ugonjwa wa kupenda mimea kama mimi, kila mwaka kuanzia mwezi wa nne anazunguka Lowe's na Home Depot, maduka makubwa ya vifaa vya nyumba ya kule, kwenye sehemu ya bustani ananitumia picha. Kule baridi ni ya barafu kweli, kwahiyo wanazitafuta zile ngumu kabisa: Trachycarpus fortunei ya China, ile yenye shina limevaa manyoya kama gunia la katani na majani yaliyotanuka kama pepeo la kupepea moto, inavumilia hadi karibu -15 ikishakomaa na kushika ardhi. Kuna Rhapidophyllum hystrix ya kwao huko kusini mashariki mwa Marekani, fupi, imejaa miiba kama nungunungu, hiyo inapita hata -20. Na Sabal minor, pamu nyingine fupi ya hukohuko. Lakini anachoniambia kila mara ni kwamba kwenye rafu ileile unakuta Trachycarpus imepangwa pamoja na Ravenea rivularis, ambayo kwao ni kingo za mito ya Madagascar, zote kopo sawa, kibao juu kimeandikwa pamu basi. Anayejua anapata mti wa maisha kwa bei ndogo, asiyejua anapeleka nyumbani kitu cha kufa Desemba. Kwahiyo hata huko kwenye maduka makubwa kuliko yetu kazi ni ileile, unanunua mmea, hununui kibao. Na yeye ndo alinifundisha kuuliza lori linashusha siku gani. Nikajaribu hapa, kweli kabisa, mche uliofika jana na mche uliokaa wiki tatu ndani chini ya taa karibu na feni ni vitu viwili tofauti hata kama vimetoka kitalu kimoja.

Huyo Trachycarpus jina lake la pili limetokana na Robert Fortune, Mskoti aliyekua anatafuta mimea China, alipeleka miche kwenye bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza mwaka 1849. Nawaambia hili kwa sababu mteja akiona unajua mmea umetoka wapi anakuamini, na pia ukijua kwao ni wapi nusu ya kazi umemaliza. Huku sijawahi kuikuta dukani. Dada alitaka aniletee mbegu kwenye begi, nikamkatalia. TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, wako hapahapa Ngaramtoni, unaenda unauliza, unapewa utaratibu wa kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mmea kutoka kule mbegu inapotoka. Tuna kahawa, migomba na minazi ya watu hii nchi, mbegu inaweza kuja na ugonjwa, msiingize mbegu kwenye soksi.

Kwenye maduka ya hapa, vitu vya kutafuta kwa sehemu za baridi: Phoenix canariensis ya visiwa vya Canary, hiyo nunua bila wasiwasi ila mpe nafasi, inatanuka kweli na miiba yake ya chini inachoma vibaya, usiipande njiani wanapopita watoto. Washingtonia nayo inaenda, ila nyingi zimechanganyika, aina zake mbili, robusta na filifera, zinauzwa kwa jina moja. Syagrus romanzoffiana ya Amerika Kusini inavumilia vizuri na inakua haraka, kwa mteja asiye na subira ndo naipendekeza. Ile ya makopo ya vishina vingi vya manjano, Dypsis lutescens, Njiro na Moshi sawa, huku juu iweke barazani. Na jamani, mkindu. Phoenix reclinata ni wetu, unaota kando ya mito, bibi zetu wamesuka mikeka na vikapu kwa majani yake, na wateja wanaukataa kwa sababu haujatoka dukani. Mimi kila nyumba ya juu nampa mtu angalau mkindu mmoja na hakuna aliyenirudishia.

Ukishamaliza mkuki, geuza kopo. Mizizi michache ikichungulia chini ni nzuri, ikiwa imezunguka kama kamba ya mkaa basi imekaa sana, ikiwa hakuna kabisa na mmea unatikisika ujue umehamishiwa pale juzi. Angalia chini ya majani, vidugamba, wale wadudu wadogo wenye gamba, wanajificha pale jani linapoungana na shina, kwangua na kucha, kikitoka kidoti cha kahawia chenye majimaji acha. Kopo lenye miche mingi imejazana linaonekana limeshiba lakini ile inagombania, na ukijaribu kuitenganisha unakata mizizi.

Wakati wa kununua. Nawasihi sana, msinunue mwezi wa tano na wa sita hata kama ni nusu bei. Nusu bei ya mwezi wa sita inatoka kwa sababu duka linajua kinachokuja. Nunueni kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tisa, wa kumi, udongo unapata joto, vuli inakuja nyuma yake, mmea unapata miezi nane ya kushusha mizizi kabla ya baridi. Ukilazimika kununua kwenye baridi usiupande, uweke ukutani upande wa jua chini ya bati, umwagilie kidogo asubuhi kwenye udongo tu, koo lisilowe, usiweke mbolea mpaka uone mkuki unatembea. Na mmea uliotoka kwenye neti usiusukume kwenye jua la wazi siku moja, wiki mbili za kivuli chepesi kwanza.

Ile pamu ya nne ya yule dogo nikamwambia tuiache hapa. Tukaitoa kwenye kopo, udongo ulikua tope, tukaupukutisha, tukaweka udongo wa msituni na mchanga wa mto nusu kwa nusu, tukakausha koo na kitambaa, tukamimina kidogo ile dawa ya kuvu yenye kopa (shaba) wanayopiga wakulima wa kahawa, tukaiweka chini ya bati. Halafu nikachukua kalamu ya wino nene nikachora mstari mmoja unaopita kwenye mkuki na kwenye kikonyo cha jani la jirani, sawasawa. Mkuki ukikua mstari wake unapanda, wa jirani unabaki. Wiki mbili haikusogea hata unywele na dogo alikua anakuja kila jioni anachuchumaa pale na tochi ya simu. Jumamosi hii amenipigia nikiwa sokoni Kilombero anapiga kelele hadi nikatoa simu sikioni: mstari umepanda upana wa kidole.