Fundi akikwambia "tuikate hiyo DPF", mwambie asubiri

Jumanne usiku dada mmoja msomaji wangu wa Dodoma aliniandikia kuhusu DPF, kichujio cha masizi kwenye egzosti ya gari lake la dizeli: "Kaka, habari za kazi. Taa ya DPF imewaka wiki ya pili sasa, gari limekosa nguvu kabisa. Fundi anasema tuikate tu, laki tatu na nusu, nisahau habari zake. Nimpe?"

Nilikuwa mezani. Ugali ulipoa palepale. Laki tatu na nusu! Hata bei ni ileile niliyotoa mimi.

Najua wengi wenu mlipo. Umetoka kwenye IST, umejibana, umeagiza SUV ya dizeli kutoka Japani. Imekaa juu, ina tabo (turbo) ya kuongeza nguvu, ukijaza tenki unafika Moshi na mafuta yanabaki. Shemeji zako wanaizunguka wanaipiga picha. Mimi nililipata la kwangu mwaka 2021, la mwaka 2014, injini ya lita 2.2, na siku linatoka bandarini nililiendesha vioo vikiwa chini ili watu wanione. Nasema ukweli.

Tatizo ni kwamba naishi Sinza na ofisi yangu iko Mwenge. Kilomita nne hazifiki. Namshusha mtoto shuleni, naingia ofisini, injini haijapata hata joto. Jioni hivyohivyo. Wikiendi sokoni na kanisani. Mashine ya kwenda Moshi nikaifanya bajaji.

Sasa DPF ni nini? Ni kopo la chuma kwenye njia ya egzosti, na ndani yake kuna kauri yenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Vitundu vimezibwa kwa zamu: hiki kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma. Moshi ukiingia hauna pa kutokea isipokuwa kupenya ukuta wa kauri, na masizi yanabaki ukutani. Yakikaribia kujaa, kompyuta ya gari inamwaga dizeli kidogo ndani ya silinda wakati mlipuko umeshapita. Dizeli hiyo inakwenda kuungua kwenye katalisti, kifaa kingine cha kusafisha moshi kwenye egzosti, joto linapanda hadi digrii 600 hivi, masizi yanageuka gesi na kupotea. Gari linajisafisha lenyewe, dakika kumi hadi ishirini, bila kukuomba hela.

Linaomba vitu viwili tu. Injini iwe na joto lake, na wewe usilizime katikati. Vyote viwili mimi nilivinyima.

Dalili zilikuwepo. Nikifika nyumbani, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, iko juu kuliko kawaida, feni inanguruma kama gari limetoka kupanda Sekenke, na harufu ya chuma cha moto inatoka chini. Mimi nazima, nachukua mfuko wangu, napanda ngazi. Kumbe kila nikizima nalikatisha lilipoanza kujisafisha, na sehemu ya ile dizeli iliyomwagwa inateremka kwenye oili. Narudia, maana hili ndilo kubwa kuliko yote: usilikatishe.

Kisha nikaongeza makosa mengine. Rejeta ilivuja, nikampelekea fundi wangu. Nasema wangu kwa sababu tulikuwa na miaka tisa pamoja. Nimekwenda msibani kwao Kilosa, naye alikuja kwenye ubatizo wa binti yangu. Akaziba rejeta, na alipomaliza akanionyesha kidude kimekaa kiganjani. "Kaka, hii themostati nimeitoa. Hiki kitu ni cha Wazungu wenye baridi. Dar hii, cha nini?" Tukacheka wote wawili. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, injini inatembea ikiwa vuguvugu. Tangu siku ile kataa ka buluu ka injini baridi kakawa kanachelewa kuzimika, na mimi nikaona ni sifa: gari langu halichemshi!

Oili nayo nilinunua ndoo ya lita 20, ile ya malori. Dizeli si dizeli? Hapana. Oili ya magari yenye DPF hutengenezwa iache majivu kidogo, kwenye kopo angalia alama ya kiwango: C2, C3, au DL-1 ya Wajapani, kisha fuata kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Masizi yanaungua, lakini majivu hayaungui. Yakishakaa kwenye kauri ni mpaka kopo la DPF litolewe likasafishwe.

Taa ikawaka. Gari likagoma kwenye mlima wa Kimara, nyuma yangu daladala zinanipigia honi kama ninadaiwa. Fundi akasema tukate. Nikatoa hela.

Nilisimama pale gereji nikiangalia. Grenda ikafungua dirisha ubavuni mwa kopo, kisha kijana wake akaingiza mtarimbo na kuanza kugonga. Kauri ikamwagika chini vipande vipande, ya kijivu, nyepesi, ukiishika vidole vinakuwa vyeusi kama umeshika mkaa. Wakachomelea kipande cha bati, wakaingia kwenye kompyuta kuidanganya kwamba DPF ipo na ina afya njema. Niliokota kipande kimoja. Kiko mezani ninapoandikia hapa.

Wiki tatu nilikuwa mfalme. Gari linaruka. Wiki ya nne mama mwenye nyumba akaniita kwa utaratibu, akaniuliza kama nimeona ukuta. Ninapoegesha, egzosti inatazama ukuta wake mweupe, na pale pana duara jeusi kubwa kama sinia. Kamba ya nguo iko hatua mbili kutoka hapo. Mwaka 2012 wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani. Mimi nilikuwa naupuliza kwenye khanga za watu.

Na taa ikarudi, kwa sababu ile danganya ya kompyuta haikukaa. Nikampelekea kijana mmoja Kinondoni, mdogo kabisa, ana mashine yake ya kupimia na hana maneno mengi. Tukatembea naye nusu saa huku anatazama kioo. Joto la maji likagoma kwenye 62. Akanigeukia: "Bosi, hii gari ina themostati kweli?"

Sikumjibu.

DPF haikuwa na kosa, jamani. Ilikuwa imejaa kwa sababu injini ilikuwa baridi, na injini ilikuwa baridi kwa sababu tulicheka pamoja. Kununua DPF iliyotumika kutoka Japani, themostati, oili ya haki, na ufundi, nilipita milioni mbili. Yule wa miaka tisa nilimpigia. Akasema, "Kaka, si wewe uliyekubali?" Kweli nilikubali. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hatujaongea tena.

Kwa hiyo ndugu zangu, sikilizeni. Tunapenda magari kuliko tunavyopenda kuyajua. Kama maisha yako ni Sinza kwenda Mwenge, nunua la petroli, hakuna atakayekucheka, na akikucheka mwache. Kama tayari una dizeli, lipe barabara. Mimi kila Jumamosi alfajiri natoka na Morogoro Road, njia nane za Kimara hadi Kibaha, nafika Mlandizi nageuza. Mwendo wa utaratibu, gia ya chini kidogo injini izunguke. Si mbio! Penye kibao cha 50 nenda 50, maana wenye tochi huamka mapema kuliko wewe, na faini ni elfu thelathini. Kinachosaidia ni kutokusimama.

Na msisingizie mafuta. Tangu mwaka 2015 dizeli ya Afrika Mashariki imewekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni. Japani ni 10, sawa, lakini kilichoziba langu hakikuwa salfa. Kilikuwa mimi.

Anayenunua mkononi mwa mtu, chukua tishu, ingiza kwenye mdomo wa egzosti, futa ndani. DPF nzima huacha bomba karibu safi. Tishu ikitoka nyeusi tii, jua imepasuka au ilishapigwa mtarimbo. Muuzaji atakwambia hiyo ni kawaida ya dizeli. Mwache aendelee kusema.

Dada wa Dodoma nilimjibu hivi: usikate. Kwanza apime joto la maji kwa mashine, akague kipira cha sensa ya presha ya DPF maana kikichanika kompyuta inapotoshwa, kisha ndiyo wafikirie kuyachoma masizi kwa amri ya mashine ya kupimia gari likiwa limesimama. Na kabla ya yote, achomoe stiki ya oili aniambie imefika wapi.

Leo asubuhi amenitumia picha. Kwenye stiki kuna alama ya chini, alama ya juu, na juu zaidi kuna alama ya X. Oili imepita X, nyepesi kama maji ya kunawa. Oili ikijaa dizeli kiasi hicho, injini inaweza kuivuta na kuanza kuiunguza yenyewe, ikapiga resi hata ukizima ufunguo.

Nimempigia simu badala ya kuandika. Alikuwa anajiandaa kuliwasha aende gereji. Nimemwambia asiliwashe, aache ufunguo ndani ya nyumba, amwite fundi nyumbani na beseni, oili imwagwe palepale lilipoegeshwa.