Maswali ya Wasomaji: Kurekodi Albamu ya Roki Sebuleni

SWALI: Hamjambo? Sisi ni vijana wanne wa Tudor, Mombasa, na tuna nyimbo nane za roki: magitaa mawili, besi, dramu na sauti. Pesa za studio hatuna, kwa hivyo tunarekodi sebuleni kwa kompyuta na kisanduku cha USB chenye njia mbili za maikrofoni. Dramu zinasikika kama ziko kisimani, na magitaa hayana nguvu. Tununue maikrofoni zaidi?
Msomaji, Tudor

JIBU: Msinunue kitu kwanza. Kinachowaharibia ni chumba. Ukuta wa plasta, sakafu ya vigae na dari ya zege hurudisha sauti, na mwangwi ukishaingia kwenye dramu hakuna programu itakayoutoa vizuri. Simamisheni magodoro mazito nyuma na ubavuni mwa mpigaji, yakiwa shubiri moja kutoka ukutani, kisha mtandike zulia nene. Leso za kutundika hazifai kitu hapa: nguo nyepesi hufyonza ukali wa juu tu, mvumo wa chini ukabaki palepale.

Rekodini ala moja baada ya nyingine. Tangulizeni metronomu (mlio unaohesabu mapigo) pamoja na gitaa na sauti za kuongozea, zitakazofutwa baadaye. Mpiga dramu azisikilize kwa hedifoni zinazofunika sikio lote, la sivyo metronomu itavuja hadi kwenye maikrofoni.

Maikrofoni mbili zinatosha dramu. Ya kondensa (aina nyepesi kusikia, inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku) iwekeni juu ya bega la kulia la mpigaji, kama mita moja kutoka kwenye sneya (dramu ndogo yenye nyaya chini), ikitazama kati ya sneya na dramu ya mguu. Ya dainamiki (aina ngumu isiyohitaji umeme huo) ikae mbele ya dramu ya mguu. Ngozi ikiwa na tundu, ingizeni maikrofoni kidogo. Sasa sikilizeni zote mbili kwa pamoja. Dramu ya mguu ikikonda badala ya kunenepa, mawimbi yanapingana: geuzeni feizi (mwelekeo wa mawimbi) ya njia moja kwenye programu, mchague upande wenye uzito. Hili lisipoangaliwa mapema, mtahangaika na besi hadi mwisho.

Kwenye programu chagueni biti 24 (kipimo cha undani wa rekodi), na vilele vya sauti viishie kati ya -12 na -6 dB. Taa nyekundu ikiwaka, rudieni. Sauti iliyopasuka haishoneki.

Magitaa sasa. Wekeni Shure SM57, au dainamiki yoyote nzima, vidole viwili kutoka kwenye wavu wa amplifaya, kati ya kitovu cha spika na ukingo wake. Kitovuni sauti huchoma, ukingoni hufifia. Punguzeni mkwaruzo (distoshoni) kuliko mnavyopiga jukwaani, kisha kila kipande kipigeni mara mbili: kimoja kushoto, kingine kulia. Kunakili kipande kilekile hakusaidii, maana sauti mbili zinazofanana kabisa hukutana katikati kama moja. Tofauti ndogo za mkono ndizo zinazoleta upana, na ndiyo nguvu mnayoitafuta.

Besi iingie moja kwa moja kwenye kisanduku, swichi ya INST (ya ala) ikiwa imewashwa. Mwimbaji akichelewa kujisikia, shusheni bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huishika kabla ya kuichakata) hadi sampuli 128. Wakati wa kuchanganya ipandisheni hadi 1024, kompyuta isikwame. Feni zimeni kila mnaporekodi. Dramu zipigwe mchana, kwa heshima ya majirani. Sauti ziimbwe usiku tuktuk zikipungua.

SWALI: Maikrofoni yangu ya kondensa inatatarika, hasa msimu wa mvua. Imekufa?
Msomaji, Likoni

JIBU: Jaribu waya mwingine kwanza. Kama bado, ni unyevu, unaovujisha chaji ndani ya kapsuli (sehemu inayonasa sauti). Zima volti 48, iweke siku mbili katika kopo linalofunga sawasawa pamoja na vifuko vya silika jeli. Iwe inalala humo, na ikitoka kwenye chumba cha AC iache izoee joto kabla ya kuitumia.

SWALI: Gitaa langu linavuma hata nisipolipiga.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Chomoa chaja ya kompyuta, utumie betri. Mvumo ukikoma, chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja yenye ethi (waya wa ardhini). Ukiendelea, geuka pole pole na gitaa, usogee mbali na skrini na taa, hadi upate upande ulio kimya. Wako watakaokushauri ukate waya wa ethi. Usikate: hitilafu ikitokea, volti 240 zinaweza kupita kwenye nyuzi hadi mikononi mwako.