Kabla ya kutia asidi, tia pektini

Ukiniletea emulsheni (mchanganyiko wa mafuta na maji) iliyokukatikia, yaani iliyotengana, swali langu la kwanza ni moja: ulitia nini kwanza? Vipimo kila mtu anaviandika kwenye daftari. Mfuatano wa kutia hauandikwi, na kwa chembe za protini za mimea, zinazofunika matone ya mafuta yasiungane, huko ndiko kazi inakoharibikia.

Protini ya njegere, kama ya soya, chaji yake ya umeme huisha karibu na pH (kipimo cha uasidi) 4.5. Hapo chembe hazisukumani tena, zinagandana. Nilipoanza, nilitengeneza emulsheni kwenye pH 7, ikatoka nyeupe na laini, nikaishusha kwa asidi ya sitriki hadi 4, ndipo nikatia pektini, nyuzi zitokazo kwenye matunda, nikitumaini itaiokoa. Wapi! Chenga zilikuwa zimeshajifunga, na hata mashine ya kasi ilizivunja kwa muda tu. Nilipogeuza mfuatano, pektini ikaingia mapema kwenye pH 7 na asidi ikafuata tone kwa tone huku nikikoroga, mchanganyiko ulibaki laini. Pektini ina chaji hasi. Protini ikianza kugeuka chanya, inaikuta pektini pale pale, nayo inaivika. Ila usiibanie: ikiwa haba, uzi mmoja wa pektini hunasa matone mawili kwa pamoja, na badala ya kuyatenga unayafunga. Chumvi hufifisha chaji hizo zote, basi iache mwisho.

Zanthani, unga wa kuzitishia maji, ina vituko vyake. Ukitia kidogo, emulsheni inaweza kutengana upesi kuliko isiyo nayo kabisa, kwa kuwa nyuzi zake hazipenyi kati ya matone yaliyokaribiana, na msukumo wa nyuzi zilizobaki nje huyabana pamoja. Ongeza hadi maji yenyewe yawe mazito na matone yakwame yalipo. Unga wake usiumwage majini kwa mkupuo, utapata mabonge yenye unga mkavu ndani. Mimi huukoroga kwanza kwenye mafuta kidogo.

Mfuatano na kasi vina uzito hata kwa jeli ya alginati, itokayo kwenye mwani: kloridi ya kalisi hugandisha palepale inapogusa, hivyo jeli hutoka na mabaka. Kabonati ya kalisi pamoja na asidi inayojitoa taratibu huipa muda wa kuganda sawasawa.

Usitoe hukumu siku hiyohiyo. Iache chupa wima usiku kucha. Asubuhi ukikuta maji ya ukungu chini na tabaka jeupe juu, chukua tone la juu ukalitazame kwa hadubini. Matone madogo yaliyoshikana kama shada la zabibu yana tatizo la chaji au la zanthani. Yakiwa yamekuwa makubwa, chembe hazikutosha kuyafunika. Sampuli yenye zanthani usiizimue kwa maji: mshikamano wake huachia, matone yakaonekana yamejitenga vizuri, nawe ukaandika "safi" kwenye daftari wakati chupa iliyo mezani imeshakatika.