Maswali ya Wasomaji: Dim sum ya wikendi bila kutoboa mfuko

Tulikwenda wanne kula dim sum, vile vyakula vidogo vidogo vya Kikantoni (kusini mwa China) vinavyoletwa kwenye vikapu vya mvuke na sahani ndogo. Tuliagiza kila kilichotuvutia, bili ikatushtua, na njaa haikwisha. Tulikosea wapi?

Bila shaka mlijaza meza vyakula vya kamba wa baharini. Katika mikahawa mingi ya Kikantoni bei hufuata daraja: ndogo, ya kati, kubwa na maalumu. Kila chombo kikifika, mhudumu hugonga mhuri au hutia alama kwenye kadi ya meza yenu. Vyenye kamba, kama har gow (kifurushi cha mvuke chenye ngozi nyembamba na kamba ndani) na cheung fun ya kamba (tambi pana ya mchele iliyoviringishwa), kwa kawaida hukaa madaraja ya juu. Char siu bao (andazi la mvuke lenye nyama ya nguruwe tamutamu), miguu ya kuku na keki ya figili huwa chini.

Kwa watu wanne, anzeni na hesabu ya vyombo kumi: viwili vya kushibisha, sita vya bei ya chini, viwili tu vya kamba. Cha kushibisha ni kama lo mai gai, yaani wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi, au sahani ya tambi za kukaanga. Viagizeni mapema. Wali ule ni mzito, na ukija mwisho, wakati kila mtu ameshadokoa huku na huku, utabaki mezani na mtaulipia. Agizeni vyombo sita kwanza, mle, kisha mwone kama tumbo bado linadai.

Ulizeni pia kikapu kina vipande vingapi. Vikiwa vinne, mko sawa. Vikiwa vitatu, mmoja atatazama wenzake, na hapo ndipo kikapu cha pili huagizwa bila mpango.

Chai hutozwa kwa kichwa, hata kwa asiyeinywa sana, lakini maji ya kuongeza kwa kawaida hayana malipo: acheni kifuniko cha birika wazi kidogo, mhudumu ataelewa. Njugu au achari mliyoikuta mezani mara nyingi si zawadi. Kama hamzitaki, zirudisheni kabla hamjagusa. Baadhi ya mikahawa hupunguza bei asubuhi mapema au alasiri. Asubuhi ni bora. Alasiri vingine vimeshakwisha, vingine vimekaa mno kwenye mvuke.

Kila nikiinua har gow, ngozi inachanika na kamba anaanguka. Ni vijiti au ni mimi?

Pengine si wewe. Ngozi hiyo hutengenezwa kwa wanga wa ngano na maji ya moto, haina ule mvutano wa unga wa chapati. Ikikaa mno kwenye mvuke hulegea. Ikipoa hukauka na kugandamana na karatasi iliyotandikwa kikapuni. Kwa hiyo har gow huliwa kwanza, char siu bao inaweza kungoja. Usiibane juu. Ishike ubavuni, izungushe kidogo hadi iachie karatasi, ndipo uinue. Kama vyakula vinapitishwa kwa kigari, omba kifuniko kifunuliwe: pasipotoka mvuke wa kutosha, subiri kikapu kipya kutoka jikoni.

Sili nguruwe. Nikichagua kamba na kuku tu, niko salama?

Hapana. Ngozi ya har gow mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na hivyo hivyo kinyunya cha vile vikombe vidogo vilivyojazwa kastadi ya mayai na unga wa wu gok, yale magimbi ya kukaanga. Keki ya figili kwa kawaida ina vipande vya soseji ya Kichina, ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe, na lo mai gai hutiwa soseji hiyo hata inapoitwa ya kuku. Tena vikapu hupangwa kimoja juu ya kingine, na majimaji ya cha juu hudondokea cha chini. Swali la kumuuliza mhudumu si "kuna nyama ya nguruwe?" bali "mmetumia mafuta gani, na kinapikwa pamoja na nini?" Kama huvumilii hata tone, nenda kwenye mkahawa ambao jiko lake lote ni halali.