Msisaini karatasi ya mahudhurio kabla muhtasari haujasomwa mbele ya watu

Mkuu simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumamosi mna mkutano wa mtaa, barabara yenu inawekwa lami na kituo cha daladala kinasogezwa, mtu wa mradi kasema atapitisha karatasi ya mahudhurio "ya kawaida tu" ili watu wapate nauli, na kwenye grupu la WhatsApp mmeshakubaliana kila mtu asaini akifika tu ili mkutano uishe haraka watu wakahangaike na maisha. Afu ndo unauliza kama kusajili kikundi kunasaidia, taa za barabarani anadaiwa nani, daladala zikigoma kuingia ndani mfanyeje, na barua iende wapi. Hayo mengine yasubiri kwanza. Hilo la kusaini mkifika tu ndo litawamaliza, na nakuandikia haraka haraka kwa sababu Jumamosi si mbali.

Sisi kwetu, huku huku Dar, tuliitwa hivo hivo. Turubai limefungwa mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, maji ya chupa na soda zipo, viti vya kukodi, watu walijaa kuliko msiba. Na watu waliongea vitu vya maana kweli kweli. Mama mmoja anayeuza chakula pale sokoni alisimama akaeleza kituo kikitoka sokoni wateja wake wote ni abiria, wataondoka nacho. Mzee mmoja akauliza mtaro utakuwa na mifuniko au utaachwa wazi, maana watoto wanapita hapo kwenda shule. Mwalimu akaomba kivuko cha pundamilia na matuta mbele ya geti la shule. Vijana wa bodaboda wakaomba eneo la kuegesha. Yule dada wa kampuni ya ushauri anaitikia kwa kichwa, "tumepokea, tumepokea," na sisi tunapiga makofi.

Wakati huo huo karatasi inazunguka. Ile karatasi naikumbuka mpaka kesho. Imebanwa kwenye ubao, peni imefungwa kwa uzi ili isipotee, ina safu za namba, jina, jinsia, simu na saini. Juu haina kichwa cha habari chochote. Chini kabisa pembeni kwa maandishi madogo imeandikwa "Uk. 4". Ukurasa wa nne wa nini? Hakuna aliyeuliza, na kurasa tatu za kwanza hakuna aliyeziona. Jirani yangu alipouliza "hii ni ya nini" akajibiwa ni ya mahudhurio tu mama, bila hii hupati nauli. Basi peni ikaendelea na safari yake.

Miezi ikapita, kijiko kikaja kikaanza kuchimba. Mtaro ukashuka mpaka unanifika kifuani, hauna mfuniko, nyumba zote za upande wa kushoto zimebaki ng'ambo. Tukamfuata injinia wa mkandarasi, mtu muungwana sana kusema ukweli, akafungua faili akatuonyesha. Muhtasari wa mkutano wetu, kurasa tatu zimechapwa vizuri. "Wananchi wamepokea mradi kwa furaha na wameridhia usanifu kama ulivyowasilishwa." Kituo: "Wananchi wameridhia kituo kuhamishiwa makutano ya barabara kuu ili kupunguza msongamano." Mama wa chakula hayumo. Mwalimu hayumo. Mifuniko haimo. Na nyuma yake, ukurasa wa nne, majina yetu yote na saini zetu na namba za simu. Injinia akasema "mimi najenga kilichoandikwa mama, na nyie mmesaini hapa."

Aisee.

Sasa nikwambie gharama yake, maana watu wanadhani ni mambo ya makaratasi. Kituo kilienda barabara kuu. Nauli ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa Desemba 2023 ikawa 600, hiyo tunaijua wote, ila mtu wa ndani kule karibu na soko sasa anatoa na elfu moja ya boda kufika kituoni, asubuhi na jioni. Mwanafunzi nauli yake kwenye bei hizo ilikuwa 200, boda peke yake ni mara tano ya hiyo, kwahiyo mtoto anatembea, jua lake mvua yake. Mama lishe wawili wamefunga kabisa. Kuvuka mtaro watu wameweka mbao, nyingine ni mbao za kitanda zilizochakaa, mvua ikinyesha zinateleza. Tuna jirani anatumia kiti cha magurudumu, kila akitoka nyumbani kwake lazima vijana wawili wambebe kumvusha, na yeye ni fundi wa redio, mtu anayejitegemea, mtu ambaye kabla ya huo "mradi" alikuwa anatoka mwenyewe bila kumwomba mtu. Hilo linaniuma kuliko hela.

Na kila ofisi tuliyogonga jibu lilikuwa moja: mbona mlikubali? Mkataba umeshasainiwa, BOQ, yaani orodha ya kazi, vifaa na bei zake, imefungwa, ukitaka kuongeza mfuniko mmoja ni mabadiliko ya mkataba, yanataka hela, na hela za mwaka zinaanza Julai kuishia Juni na zilishapangwa kitambo. Hapo ndo ujue maoni yenu yana muda wake. Yakitoka mtaani yanaenda kata, yanajadiliwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, ndo yanapanda halmashauri. Kinachopanda huko ni karatasi. Makofi yenu hayapandi, kelele zenu hazipandi, video za kwenye grupu hazipandi.

Yule dada wa ushauri simtaji wala kampuni yake siitaji, ila namwambia hapa kama anasoma: ulikaa na sisi, ulikunywa maji yetu, ulimsikia mzee wa watu kwa masikio yako, ukaenda kuandika amefurahi. Na kuna mjumbe wetu mmoja ambaye kila mtu akinyanyua mkono yeye alikuwa anapita anatunong'oneza "msilete maneno, mkiwa wakorofi mradi utahamishiwa kata nyingine." Huyu ndo mbaya zaidi. Kwenu atakuwepo tu, hawakosekani hao, atakuwa amevaa vizuri na atakaa karibu na meza kuu. Akija na hayo maneno mwambie ayaseme kwa sauti ili yaingie kwenye muhtasari. Nakuhakikishia atakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Kwahiyo kanuni ni moja tu, na huku mtaani sa hivi wananiita Mama Muhtasari na naitika kwa nguvu: hakuna kutawanyika kabla muhtasari haujasomwa kwa sauti, ukasahihishwa hapo hapo, mwenyekiti na mtendaji wakasaini KILA ukurasa, ukagongwa muhuri, na watu wasiopungua kumi wakaupiga picha kwa simu zao. Majina yenu yakae kwenye ukurasa wenye maneno. Yaani mstari wa mwisho wa maazimio uwe juu na jina la kwanza lifuate chini yake kwenye karatasi ile ile, ili mtu asiweze kuchomoa kurasa za mbele akabandika zake.

Msiogope mkaona mnaomba hisani. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote kuanzia miaka 18, mwenye nyumba na mpangaji, na mtendaji wa mtaa ndo katibu, kuandika kilichosemwa ni kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Mtu wa mradi ni mgeni mwalikwa. Anaweza kuandika taarifa yake akitaka hata kwa mashairi, ila muhtasari wa mtaa unaandikwa na mtendaji wa mtaa, kwenye daftari la mtaa. Mwenyekiti wenu mmemchagua Novemba 2024, bado ana miaka mbele, hata yeye hapendi kuja kuonekana ameuza watu, kaeni naye kabla ya Jumamosi mumweleze hili. Wa kwetu alikuwa upande wetu siku zote, hakujua tu karatasi ya mgeni inaenda wapi.

Na hii inafanya kazi, sio nadharia. Walipokuja tena kwa kipande cha pili cha barabara ile ile tukawaambia vizuri tu, karibuni, maji yapo, ila leo katibu ni wetu. Mtendaji akasoma alichoandika, sehemu moja ikawa imeandikwa "wananchi wameridhia mtaro", watu wakaguna, ikafutwa ikaandikwa "wananchi wametaka mtaro uwe na mfuniko mbele ya kila nyumba na kivuko cha zege mbele ya shule, na hawajaridhia usanifu mpaka vionekane kwenye michoro." Neno kwa neno. Ikagongwa muhuri saa hiyo hiyo. Kipande hicho kina mifuniko. Kivuko kipo. Ukipita leo unaona kabisa mahali muhtasari wa kwanza unapoishia na wa pili unapoanzia, upande huu mbao upande ule zege, barabara ni ile ile na mkandarasi ni yule yule.

Watu watakwambia wataalamu wanajua zaidi. Wanajua zaidi mambo ya lami, sawa, ila maji ya mtaani kwenu mnayajua nyie. Karakana ya mwendokasi iliwekwa pale Jangwani kwenye bonde la Msimbazi, na kila mtu wa Dar ameshaona mvua kubwa zikija maji yanajaa pale mpaka barabara ya Morogoro inafungwa. Hilo bonde linajaa tangu enzi za babu zetu. Kwahiyo mkisema "hapa maji yanapita" yaandikwe yanapita wapi, kutoka kwa nani kwenda kwa nani, yanafika urefu gani ukutani. Kama eneo lenu liliingia kwenye Ramani Huria, ile ya kuchora mitaa na mitaro ya Dar iliyoanza 2015, ramani iko wazi intaneti, mtu aichapishe mwende nayo mkutanoni, mkichora kwa peni nyekundu mahali mnapotaka kituo mtendaji aibandike kwenye muhtasari kama kiambatisho na igongwe muhuri pia.

Kuhusu barua, maana hilo uliuliza: barua peke yake haina meno, barua iliyobeba muhtasari wenye muhuri ndo barua. Kwanza ulizeni barabara ni ya nani. Nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kubwa zile ziko TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, msije mkaandikia mtu asiyehusika mkazungushwa mpaka lami ikauke. Mahali kituo kilipo ni suala la barabara, ila daladala ipite wapi ni leseni ya njia na hiyo ni LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kwahiyo nakala iende huko pia, na nyingine kwa diwani na kwa mtendaji wa kata. Pelekeni nakala mbili kila ofisi, moja wagonge "imepokelewa" na tarehe mrudi nayo. Michoro ya mradi iombeni kwa maandishi, mtaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inawapa siku 30 kuwajibu. Ukiitaja hiyo sheria kwenye aya ya kwanza hata namna ya kupokelewa pale mapokezi inabadilika.

Na kama Jumamosi wakikomaa kabisa kwamba bila karatasi yao hakuna nauli, kwanza ni nauli gani hiyo ya kwenda kwenye mkutano wa mtaa wako mwenyewe, lakini sawa, bibi kizee anaihitaji hatumlaumu. Basi kila mtu kwenye kisanduku cha saini aandike kwa mkono wake "nimehudhuria tu, sijaridhia" ndo asaini pembeni. Kisanduku kikiwa kidogo aandike juu ya jina. Hakikisheni waliokaa mstari wa mbele ndo wanaanza, wengine watafuata wenyewe. Karatasi ya hivo haibandikwi nyuma ya muhtasari wa uongo hata siku moja. Waambie leo kwenye grupu, usingoje Ijumaa usiku, na utume picha ya hiyo karatasi hapa mkishaiona.