Kwa Castro alikwenda, kwetu je?

Ndugu Mhariri, mmeuliza kama muhula wa pili humbadilisha rais wa Marekani katika siasa yake ya nje. Mie nipo Wete, Pemba, na jibu langu ni ndiyo. Tangu 1951 katiba yao haimruhusu kuchaguliwa mara ya tatu, kwa hiyo hana tena kura ya kuomba. Reagan aliyewaita Wasovieti himaya ya uovu mwaka 1983 ndiye aliyesaini na kiongozi wao Gorbachev mkataba wa makombora 1987.

Lakini Reagan hakuninyima usingizi. Kilichoninyima ni Jumapili ya 20 Machi 2016, siku ya marudio ya uchaguzi wa Zanzibar, baada ya Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, kuufuta ule wa Oktoba. Maduka yamefungwa, askari kila pembe, na kituo cha jirani kina mawakala wengi kuliko wapiga kura. Barzani kwetu hakwenda mtu. Usiku tukajazana kwa jirani mwenye dishi, na Obama huyo, yumo muhula wa pili, anateremka ndegeni Havana, Cuba, mvua inanyesha, mwavuli kaushika mwenyewe. Mvuvi mmoja mtu mzima akasema, "Huyu keshaaga, anafanya alitakalo." Tukabishana hadi saa saba. Vijana waliapa kuwa aliyefika kwa Castro, mtawala wa Cuba, hashindwi kutuona na sisi. Yule mzee akauliza huko Cuba vyama ni vingapi. Hakujibiwa. Kahawa ikaisha, halua ikabaki sahanini.

Siku nane baadaye bodi ya MCC, mfuko wa misaada wa serikali ya Marekani, ikausitisha mradi wa pili wa Tanzania, dola milioni 472 za umeme, ikitaja marudio yetu na sheria ya makosa ya mtandao. Barzani watu wakapeana mikono, nami nikiwamo. Mzee peke yake ndiye aliyeuliza umeme huo ungewaka kwa nani. Mradi wa kwanza, wa dola milioni 698, Bush aliusaini Dar es Salaam 2008, naye yumo muhula wa pili, na ndio uliotutengenezea barabara za vijijini hapa Pemba na kulaza waya wa umeme wa baharini kutoka Bara kwenda Unguja.

Hapa naona ndiyo yangu inalegea. Bodi ile ilikwisha kuahirisha kura yake tangu Desemba, na vigezo vyake havisubiri muhula. Cuba nako Obama alifungua ubalozi, vikwazo vikabaki kwa kuwa vimo katika sheria ya Bunge lao, na 2017 Trump akaanza kubana upya. Rais wa Marekani anabaki na kalamu tu. (Wetu wa Zanzibar hata hiyo hana, mambo ya nje ni ya Muungano.)

Basi niandikieni hapana, ila si kwa Trump. Muhula wa kwanza alitaka kuikata misaada, Bunge likamkatalia. Wa pili aliivunja USAID, shirika lao la misaada, ndani ya miezi michache, na safari hii Bunge halikumzuia.