Jibu: Kwa nini dhahabu, si chupa ya maabara?

Ndugu, umeuliza kwa nini tepe za grafini (vipande vyembamba vya tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja) zinaundwa juu ya dhahabu, si ndani ya chupa ya maabara. Dhahabu pale si sinia tu, inashiriki kazi: inasaidia kung'oa atomu za bromini kwenye molekuli ndogo za kuanzia, na molekuli hizo zinabaki na ncha zenye njaa ya kuungana. Kule Empa, taasisi ya utafiti ya Uswisi, mwaka 2010, kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi zilishikana mnyororo. Kwenye 400 hidrojeni ikatoka, mnyororo ukalala bapa, ukawa utepe wenye upana wa atomu 7 za kaboni. Yote ndani ya ombwe kali. Kwenye chupa, vitu virefu hivyo vinagoma kuyeyuka katika kimiminika. Kasheshe ni kuuhamisha utepe huo kutoka kwenye dhahabu: dhahabu inapitisha umeme, kwa hiyo transista (swichi ndogo ya umeme) haijengwi papo hapo.